Jua Mlango wa Kutokea: Mwongozo kwa Mchezaji Anayekwenda Kucheza Nje

Kijiweni ukianzisha habari ya mchezaji aliyetoka, dakika haiishi kabla Mbwana Samatta hajatajwa: Mazembe ya Kongo, Genk ya Ubelgiji, Aston Villa ya Uingereza, bao la Wembley dhidi ya Manchester City mwaka 2020. Ni haki yake. Lakini mdogo wangu, ukitaka kuijua kazi hii ilivyo kwa wengi, itazame njia ya Simon Msuva. Alitoka Yanga mwaka 2017 akaenda Difaâ El Jadida ya Morocco, akahamia Wydad Casablanca mwaka 2020, kisha Al-Qadsiah ya Saudi Arabia, JS Kabylie ya Algeria, akarudi Saudi Arabia kwa Al-Najma, halafu Iraq kwa Al-Talaba. Klabu sita, nchi nne, na katikati yake mgogoro wa malipo uliofika mpaka FIFA. Ndivyo maisha ya proo wa kawaida, mchezaji wa kulipwa aliyeko nje, yanavyokwenda: msimu huku, msimu na nusu kule, na kila uhamisho ni mahali pa kupanda au kupigwa.

Mimi nilikuwa beki wa kulia. Nchi tatu, klabu tano, na sijawahi kuona mtoto amevaa jezi yenye jina langu. Kupata timu nje niligundua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutoka kwenye timu hiyo ukiwa na pesa zako, goti lako na karatasi zako. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeipanga nikijiuliza jambo moja: siku ya kuondoka, hiki kitanisaidia au kitanifunga?

Hatua ya kwanza: Jina moja, umri mmoja

Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, pasipoti na fomu ya usajili ya klabu yako ya kwanza vyote viwe na jina lilelile, herufi zilezile, tarehe ileile. Najua habari za "umri wa mpira". Ulikatwa miaka mitatu kwenye mashindano ya vijana, mkashinda kombe, kila mtu akacheka. Kicheko kinaishia hapo. Uhamisho wa kimataifa hupita kwenye mfumo wa FIFA wa kompyuta, TMS, ambao umekuwa wa lazima tangu mwaka 2010, na kilichoingia humo hakitoki kwa kumpigia katibu simu. Klabu ikikukuta na tarehe mbili haitakugombeza. Itanyamaza, na simu yako haitapokelewa tena.

Kama hujatimiza miaka 18, tulia. FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa watoto, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ni wazazi kuhamia nchi nyingine kwa mambo yasiyohusu mpira. Kijana wetu Kelvin John alitakiwa mapema, lakini Genk walimsajili mwaka 2021 alipofikisha 18. Mtu anayekwambia "tutakuvusha kimya kimya" ukiwa na miaka 16 anakupeleka mahali ambapo huwezi kusajiliwa, na asiyesajiliwa halindwi na kanuni yoyote.

Hatua ya pili: Wakala, au winga?

Mjini Dar neno winga lina maana mbili, na zote zimo kwenye mpira. Kuna anayepiga krosi, na kuna anayesimama dukani kwa mtu mwingine akiuza mali isiyo yake. Huyu wa pili amejaa kwenye soka letu.

Wakala halali amefaulu mtihani wa FIFA na ana leseni. Orodha yao iko kwenye tovuti ya FIFA, unaitafuta bure kwa simu yako. Mkataba wa mchezaji na wakala hautakiwi kuzidi miaka miwili. Ukiletewa wa mitano, umeletewa minyororo. Usisaini na wawili kwa wakati mmoja kwa kudhani unajiongezea bahati, kwa sababu dili likiiva wote watadai fungu lao, na klabu ikiona ugomvi inarudi nyuma.

Kuhusu pesa: wakala hula baada ya wewe kulipwa. Anayetaka kula kabla hujacheza hana timu, ana wewe tu. Mwaka wangu wa kwanza mtu mmoja alinichukulia shilingi milioni moja na nusu za "barua ya mwaliko". Barua ilikuja kweli, ina nembo ya klabu, ina muhuri wa bluu. Ubalozini dada wa dirishani aliisoma mara moja, akaweka kidole kwenye namba ya simu ya klabu. Ilianza na 255.

Tangu siku ile kila barua naihakiki mwenyewe. Ingia kwenye tovuti ya klabu, chukua anwani ya barua pepe iliyoko huko, siyo ile iliyo kwenye barua, uandike mistari miwili: mimi ni fulani, nimepokea mwaliko wa tarehe fulani, naomba mthibitishe. Klabu ya kweli hujibu. Ikikawia, pitia shirikisho la nchi hiyo.

Hatua ya tatu: Chagua ligi itakayokuchezesha

Hapa vijana wengi hupotea kwa sababu wanachagua nchi kwa kutazama televisheni. Angalia kwanza kama sheria za huko zinakuruhusu. Uingereza wana mfumo wa pointi, na sehemu ya pointi hizo inatokana na mechi ulizochezea taifa na nafasi ya taifa lako kwenye viwango vya FIFA. Kwa nchi zetu, hapo tu mlango umeshakuwa mwembamba. Uholanzi, mchezaji wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mwenye miaka 20 na zaidi lazima alipwe angalau asilimia 150 ya wastani wa mshahara wa ligi kuu yao. Maana yake klabu ya kawaida ya Uholanzi haiwezi kukuchukua "ikuangalie". Ubelgiji nao wana kima chao cha chini kwa wageni, na si kidogo. Ndiyo maana wengi wetu hupita Skandinavia, Afrika Kaskazini, Misri, Afrika Kusini au Ghuba kabla ya yote.

Mfano ninaoupenda ni wa jirani yetu, Mkenya Michael Olunga. Kutoka Gor Mahia alikwenda Djurgården ya Sweden mwaka 2016, akaenda China, akapelekwa kwa mkopo Girona, na Januari 2018 akawafunga Las Palmas mabao matatu katika ligi ya Hispania. Angeng'ang'ania Ulaya kwa jina tu, pengine angesugua benchi mpaka tumsahau. Akaenda Japani, Kashiwa Reysol, na msimu uleule timu ikashuka daraja. Kijiweni wakasema kwisha habari yake. Akacheza daraja la pili mwaka 2019, akafunga mabao manane katika mechi moja waliyoshinda 13-1 dhidi ya Kyoto Sanga, wakapanda, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani kwa mabao 28 na mchezaji bora wa msimu. Al-Duhail ya Qatar wakaja kumchukua. Daraja la pili ndilo lililomtengeneza, kwa sababu huko alicheza.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, uliza mambo matatu. Nani anacheza nafasi yako na mkataba wake unaisha lini? Klabu ina nafasi ngapi za wageni na ngapi zimejaa? Na wachezaji wa msimu uliopita walilipwa? Swali la tatu usimuulize kocha wala wakala. Mtafute kipa wa akiba aliyeondoka mwaka jana, mtumie ujumbe. Mtu aliyeondoka hana cha kuficha, na kipa wa akiba alikuwa na muda mwingi wa kutazama mambo.

Jambo dogo la pembeni: ukienda nje unaiaga CHAN, michuano ya mataifa ya Afrika. Ile ni ya wanaocheza ligi za nyumbani. Agosti 2025 ilipofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, maproo wetu waliitazama kwenye runinga kama mimi na wewe.

Hatua ya nne: Majaribio

Klabu inayokuhitaji hukata tiketi, na tiketi iwe ya kwenda na kurudi. Uliza bima ya matibabu wakati wa majaribio ni ya nani. Ukiteguka kifundo siku ya pili bila bima, majaribio yamegeuka deni. Tuma mechi nzima mbili, siyo dakika tatu za mabao zenye muziki, maana kocha anataka kuona unafanya nini mpira ukiwa mbali. Usikae kupita siku za viza hata kama wamekwambia "tunashughulikia", kwa sababu kosa hilo hukufuata kwenye kila ombi la viza baadaye.

Hatua ya tano: Soma mkataba kuanzia ukurasa wa mwisho

Kurasa za mwanzo zina maneno matamu. Namna ya kukutoa wameiweka nyuma, kwa hiyo anzia huko. Tafuta sehemu ya kuvunja mkataba. Je, wakikuacha wanalipa kiasi gani, na wewe ukiondoka unalipa kiasi gani? Nimewahi kuona mkataba ambao klabu ikivunja inalipa miezi miwili, mchezaji akivunja analipa mishahara yote iliyobaki. Mizani ya namna hiyo usiisaini. Tafuta pia pale panaposema migogoro itaamuliwa wapi. Kwa mchezaji wa kigeni, FIFA ni mahali pazuri kuliko mahakama ya mji wa klabu, ambako hata hakimu anaweza kuwa shabiki.

Muda sasa. FIFA inaruhusu mkataba usiozidi miaka mitano, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Kwa ligi usiyoijua, mimi nasema miaka miwili. Kipengele kinachoipa klabu peke yake haki ya kukuongezea mwaka, omba kifutwe, au kiandikwe kwamba ni kwa ridhaa ya pande zote na mshahara unapanda.

Halafu sarafu. Machi 2024 Misri waliiachia pauni yao, ikatoka kama 31 kwa dola moja ikafika karibu 50. Chukua mchezaji aliyekubaliwa pauni 150,000 kwa mwezi. Mwezi mmoja mshahara wake ulikuwa na thamani ya dola 4,800 hivi, uliofuata dola 3,000 na kidogo, na hakuna aliyemkata hata senti. Kama klabu haiwezi kulipa kwa dola au euro, iandikwe kwamba kiasi ni cha dola na kitalipwa kwa sarafu ya nchi kwa bei ya benki kuu siku ya malipo.

Iandikwe pia kama kiasi ni kabla ya kodi au ni cha mkononi. Neno moja hapo linaweza kukuondolea theluthi ya mshahara. Kila malipo yawe na tarehe. "Kila mwezi" siyo tarehe. Pesa ya usajili igawanywe kwa siku zinazotajwa, na usikubali iegemee "baada ya kufuzu" au "baada ya kocha kuridhika".

Vipimo vya afya na kibali cha kazi ni shughuli ya klabu kabla ya kusaini. Kanuni za FIFA haziruhusu uhai wa mkataba utegemee vitu hivyo viwili. Ukishasaini, hawawezi kuja wiki ya pili na kusema goti lina kasoro, kwaheri. Mengine ya kutazama: ukiumia nani anachagua hospitali na mshahara unaendelea vipi, nyumba ni ya kulala peke yako au na wengine, tiketi ngapi kwa mwaka na za nani, timu ikishuka daraja mshahara unabaki au unakatwa, na kama mkataba uko kwa lugha mbili, ipi inatawala zikipingana.

Wakikuletea karatasi ya pili, "hii ni ya ndani, ile ya shirikisho ni ya kodi tu", kataa. Siku ya ugomvi watakuwa nayo ile yenye kiasi kidogo.

Na nakala yako ondoka nayo chumbani, imesainiwa kila ukurasa. Klabu moja, siitaji, iliniambia nakala yangu iko kwa katibu. Katibu alikuwa safarini kwa miezi minne.

Hatua ya sita: Wiki za kwanza

Fungua akaunti ya benki kwa jina lako kabla ya mshahara wa kwanza, na usikubali kulipwa kwa bahasha. Ukilazimika, saini kwa tarehe na upige picha. Pasipoti kaa nayo mwenyewe. Wakiihitaji kwa ajili ya ukaazi, waandikie ujumbe siku uliyowapa, na uwaulize inarudi lini. Kabla ya kwenda nchi yoyote ya Ghuba, soma sheria ya kutoka nchini ikoje kwa mwajiriwa. Mfaransa Zahir Belounis alicheza Qatar, akaidai klabu yake mishahara, akakwama huko bila kibali cha kutoka mpaka Novemba 2013. Qatar wamebadili sheria hiyo baadaye, lakini usichukulie kwamba kila mahali ni hivyo.

Lugha jifunze ya uwanjani kwanza: nyuma yako, geuka, una muda, tunapanda. Morocco na Algeria chumbani huzungumzwa Kiarabu chao na Kifaransa. Mswahili kwa Kiarabu ana mtaji ambao hakuulipia, maana kitabu, sabuni, wakati na habari ataviokota siku ya kwanza. Ramadhani mazoezi husogea usiku, kwa hiyo panga usingizi. Upweke nao upo, na unauma zaidi Jumatatu ya mapumziko kuliko siku ya mechi. Mimi niliuponya kwa kupika wali wa nazi ya kopo na kuwaita Wasenegali wawili waliokuwa jirani.

Hatua ya saba: Mshahara usipoingia

Hutakuwa wa kwanza, basi usifanye kwa aibu. Siku ya kwanza ya kuchelewa andika barua pepe ya heshima, fupi: mshahara wa mwezi fulani, kiasi fulani, ulipaswa kuingia tarehe fulani. Maneno ya koridoni hayana tarehe, barua inayo.

Endelea na mazoezi. Ukigoma umewapa kosa la kukubandika, na kesi yako nzuri imepata doa. Wakikutenga ufanye mazoezi peke yako, andika kila siku saa na mahali, waulize kwa maandishi kwa nini.

Ikifika mishahara miwili ya mwezi ambayo haijalipwa kwa tarehe yake, kanuni ya FIFA inakupa njia. Unaiandikia klabu kuidai yote na kuipa angalau siku 15. Siku zikipita bila malipo kamili, una sababu halali ya kuvunja mkataba na kuondoka, na bado unadai fidia. Zingatia mpangilio huo. Wapo walioondoka siku ya kumi kwa hasira, wakageuka wao ndio waliovunja, na aliyevunja bila sababu ndani ya miaka ya mwanzo ya mkataba anaweza kufungiwa miezi minne.

Kesi inapelekwa kwenye baraza la FIFA la kutatua migogoro kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Mchezaji hatozwi ada, ila anatakiwa aifungue ndani ya miaka miwili tangu tukio. Klabu ikiamriwa kulipa, ina siku 45 baada ya kupewa akaunti yako, la sivyo inazuiwa kusajili hadi madirisha matatu ya usajili. Adhabu hiyo ndiyo inayowaamsha. Klabu ngumu niliyowahi kuidai ililipa wiki moja kabla ya dirisha kubwa, siyo kwa huruma, walikuwa wamempata mshambuliaji. Chama cha wachezaji cha nyumbani, SPUTANZA kwa Watanzania na KEFWA kwa Wakenya, kijue habari zako kabla hujakwama.

Hatua ya nane: Kuondoka

Mkataba ukibaki miezi sita au pungufu, uko huru kuzungumza na kusaini kwingine, na klabu inayokutaka inapaswa kuijulisha kwa maandishi klabu yako kabla ya mazungumzo. Anza kutafuta hapo, siyo Juni. Kumbuka msimu mmoja unaweza kusajiliwa klabu zisizozidi tatu na kucheza mechi za mashindano kwa mbili tu, kwa hiyo usihame dirisha dogo kwa mzaha. Klabu mpya, kupitia shirikisho lake, ndiyo inayoomba hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC. Wewe hulipi chochote kwa ajili yake, na shirikisho la ulikotoka halitakiwi kukutoza.

Mkikubaliana kuachana kabla ya muda, watakuletea karatasi yenye sentensi inayosema huwadai chochote. Isaini pesa ikiwa imeshaingia, au iandikwe kwamba haina nguvu mpaka kiasi fulani kiingie akaunti fulani. Sentensi hiyo moja imewala wengi kuliko mawinga wote wa Kariakoo.

Na pesa yenyewe: kabla ya kiwanja, kabla ya gari, tenga ya kukaa miezi sita bila timu. Asiye na akiba husaini lolote linalokuja Septemba, na ataanza tena kudai mishahara ifikapo Desemba.

Siku ya safari weka kwenye bahasha moja nakala ya mkataba, pasipoti, kadi ya homa ya manjano, barua ya mwaliko na namba ya ubalozi. Seti ya pili mwachie mtu mmoja nyumbani anayejua kukaa kimya. Mwambie asimtumie mtu picha ya ukurasa wa mshahara, hata mjomba.